Sifa za Pua Isiyobisha Hodi

Wengine wasifu ng'ombe. Hapa Mara hilo halina ubishi. Mimi leo namsifu mbwa wetu Simba, tena pua yake tu: nyeusi, ya baridi, ina majimaji, na haijui hodi.

Nikirudi jioni kutoka mwaloni hapa Kiriba, watoto hunitazama mikononi, mama yao hunitazama usoni. Simba huanzia kwenye kandambili. Hupanda magotini, kisha hutua pale ambapo mwenye adabu hatui, hata kama mkwe amekaa chini ya mwembe. Tusimwite mshenzi. Tezi za jasho zinazobeba habari za mtu ziko kwapani na kinenani, na kwapa langu liko juu mno kwake. Basi anahudumiwa kwenye dirisha la karibu.

Na vifaa anavyo. Sisi tuna seli za kunusia kama milioni 5 au 6. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Majimaji ya puani hunasa harufu, na pumzi anayoitoa hupitia kwenye ufa wa pembeni isije ikavuruga ile inayoingia. Huko Grumeti, magharibi mwa Serengeti, wenzake waliofunzwa hunusa pembe za ndovu na nyama ya porini iliyofichwa. Wao hukamata majangili. Wangu hunikamata mimi.

Anajua dagaa niliowashika, bodaboda niliyopanda, na mbwa wa jirani aliyejisugua mguuni mwangu. Wala si chuki. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwanusisha mbwa 12 harufu mbalimbali: ya mtu wanayemfahamu ndiyo iliyoamsha zaidi ile sehemu ya ubongo inayotazamia mema. Askari gani mwingine anakupekua huku akitikisa mkia?

Ila sifa yake kuu, nilikuwa nikiamini, ni kutunza siri. Anajua yote, hasemi lolote.

Mpaka juzi. Simba aliganda kwenye kiganja changu cha kulia, akalamba katikati ya vidole, akarudia, akanitazama, akalamba tena. Mama watoto alikuwa akichambua dagaa. Akainua macho, akamwangalia mbwa, wala si mimi.

"Baba watoto, leo nikupakulie ugali, au nyama choma imetosha?"