Fungua Maktaba ya Mtaa kwa Kitabu Kimoja Tu

Kwanza tafuta kitabu halisi. Sisemi ununue, mtaani kwenu hakosi mtu anacho, alikiazima akiwa kidato cha tano na hana mpango wa kukirudisha. Kipeleke steshenari ya karibu na chuo, si ile ya karibu na mahakama. Mwambie kijana wa mashine atoe kurasa mbili kwa karatasi moja, mbele na nyuma, abane kwa spairo. Hapo Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, imezaliwa upya, nyembamba kuliko mama yake.

Kijana usimharakishe. Ukimharakisha, kivuli cha mgongo wa kitabu kitameza neno la mwisho la kila mstari, na kidole gumba chake kitatokea ukurasa wa 46 kimeziba mazungumzo. Yale maandishi ya penseli, "hapa kuna tashbiha", yasikusumbue. Yatatoka pamoja na riwaya, na mwakani wanafunzi watayanukuu kwenye mtihani kama maneno ya mwandishi.

Sasa uhalali. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Shaaban Robert alitutoka mwaka 1962, kwa hiyo mpe rafu ya mbele, mgeni rasmi aanzie hapo. Euphrase Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Ukitaka kuwa mwema, ngoja mwaka 2070 uishe, ndipo uwashe mashine. Wanafunzi wako watakuwa wamestaafu. Na ukienda dukani kununua kitabu chenyewe utaambiwa kimekwisha, pita wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo haijawahi kufika. Hili silifanyii utani.

Kopi zikishapigwa muhuri, bandika tangazo mlangoni: NI MARUFUKU KUTOA KOPI VITABU VYA MAKTABA HII. Atakayechana ukurasa alipe kitabu kizima, kwa bei ya duka. Kaza hapo hapo. Watu wa siku hizi hawaheshimu kabisa mali ya mwenzao.

Siku ya uzinduzi alika mwandishi aliye hai. Atakuja, maana hawaalikwi mara nyingi. Mpe soda, kiti chenye mikono, na kopi ya kitabu chake aisaini. Akigusia mrabaha, watu wapige makofi. Akifunua na kuuliza ukurasa wa 112 uko wapi, mwombe awasimulie wageni yaliyokuwemo, na hakikisha kuna mtu anarekodi kwa simu.