Kusadikika Imeangukia Baharini

Kisa chote kilianzia mdomoni mwangu. Binti yangu wa kidato cha tatu alipewa kazi ya kuchora ramani ya Kusadikika, ile nchi iliyo angani katika kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, nami nikadakia: “Lete huku, mwanangu. Siku hizi nani anachora kwa penseli?” Mke wangu akanitazama tu. Hajasahau pasi niliyoitengeneza mwaka jana.

Nikapakua programu ya ramani, ya bure, ya aina wanayotumia watu wa mipango miji. Zipo nyingine za watunzi wa hadithi na michezo, zina milima na ngome tayari, kazi yako ni kubandika. Nikaona hizo za watoto. Basi hii ya wakubwa, hata sijachora kijiti, ikaniuliza: nchi hii iko wapi duniani? Latitudo? Longitudo? Nikabonyeza Sawa, kama tunavyobonyeza wote, nikaendelea.

Saa tatu baadaye binti akawasha picha ya dunia chini ya mchoro wangu. Kusadikika ilikuwa baharini, kusini mwa Ghana, pale sifuri ya latitudo inapokutana na sifuri ya longitudo. Tena ilikuwa ndogo, ungeivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kumbe usipoiambia kompyuta mahali wala kipimo, inakuchagulia yenyewe.

“Baba, na huu mto unapanda mlima.”

Kweli ulikuwa unapanda. Nilitaka kila mji upate maji, nikawa nagawa matawi ya mto kama mgombea udiwani anavyogawa ahadi. Mito haina tabia hiyo. Vijito hushuka vikiungana, na kutawanyika mara nyingi husubiri huko mwisho, karibu na bahari, kama Rufiji. Kwa hiyo weka milima kwanza, mito itajua njia. Halafu uamue upepo wa mvua unatoka wapi, maana mvua nayo ina upendeleo: Kilimanjaro ni mmoja, lakini kusini kwake kuna migomba na kahawa, na ukizunguka kaskazini kuelekea Amboseli unakula vumbi. Mimi niliweka jangwa na mashamba ya mpunga yakitazamana, katikati barabara.

Matabaka ya ramani, moja juu ya jingine, nayo yana mpangilio wake. Nilitafuta mji mkuu nusu saa nzima, kumbe nimeufunika kwa tabaka la misitu. Miji juu, misitu chini. Hili ningeambiwa mapema, nisingemgombeza mtoto kwamba kagusa mashine.

Nilijifariji kwa mmisionari Erhardt. Miaka ya 1850 alikaa Tanga akiwasikiliza watu wa misafara ya bara, kisha yeye na mwenzake Rebmann wakachora ziwa moja kubwa mno, umbo la konokono aliyevuliwa gamba. Nyasa, Tanganyika na Victoria wamezimeza humo zote tatu! Ramani ikafika hadi London, ikajadiliwa na wenye miwani yao. Yule alichora nchi iliyopo akakosea kiasi hicho. Mimi yangu haipo, na bado nasahihishwa na mtoto wa kidato cha tatu.

Lakini kilichonimaliza ni wajumbe. Kitabuni Kusadikika ilituma wajumbe sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Wanne niliwapatia njia zao, za mistari ya vitone, nzuri kabisa. Wawili waliobaki nimewahangaikia mpaka usiku. Nikimchora wa mbinguni aende juu ya karatasi, anafuatana na yule wa kaskazini. Wa ardhini namsukuma chini, anamkuta wa kusini keshatangulia.

Binti alingoja mpaka nilipokwenda kuoga. Nilipotoka alikuwa na daftari na penseli, amekwisha kuichora Kusadikika kwa ubavuni, inaelea kama sinia, mshale mmoja unapaa na mwingine unashuka.

“Kipimo chake kiko wapi?” nikauliza.

“Baba, iko angani.”

Akaenda kulala. Mimi nimerudi kwenye kompyuta, na angalau nimeitoa baharini. Sasa hivi Kusadikika iko Morogoro, inafunika stendi ya mabasi.