Dhamana ya Saa 48

Nilipopanga nyumba hapa Nairobi nilisaini karatasi moja. Niliponunua mtoto wa mbwa, German Shepherd wa wiki nane, mfugaji alinikabidhi kurasa sita zenye muhuri.

Nisimzalishe bila idhini yake. Nikishindwa kumlea, nisimuuze wala nisimgawe: arudi kwake. Sawa. Mahari nimemaliza yote kwa M-Pesa, bibi harusi bado ni wa kwao.

Cheti cha ukoo kilitaja mababu hadi kizazi cha nne. Mimi baba wa babu yangu simjui hata jina. Kadi ya chanjo nayo ilikuwa na stika safi, ila ya kwanza ilionyesha tarehe ya kabla mbwa hajazaliwa. Huko ndiko kunakoitwa kuchanjwa mapema.

Kifungu nilichokipenda zaidi ni cha afya: dhamana ya saa 48. Sasa, virusi vya pavo vikishaingia mwilini, kwa kawaida hukaa kimya siku 3 hadi 7 ndipo mbwa aanze kutapika na kuhara damu. Nikauliza, "Mzee, akiugua siku ya tano?"

"Siku ya tano, kijana wangu, huyo si ni mbwa wako?"

Kumbe ipo siku atakuwa wangu.

Nikasaini. Mtoto wa mbwa akausogelea ukurasa wa tatu, ule wa amana isiyorudishwa, akaunusa kwa makini kuliko nilivyousoma mimi, akaukojolea.