Ati Anajishikiza!

Msyuuu! Nimesonya mpaka muuza kahawa kanigeukia, akidhani kashata zake zina mchanga. Hapana, kahawa yako haina kosa. Mwenye kosa ni yule dogo wa pale chini ya mwarobaini, anayesuka mota za feni na pampu.

Asubuhi nimempelekea feni yangu, inanguruma kama lori linalopanda mlima Kitonga. Sikumwambia ugonjwa. Kaiwasha, kachukua bisibisi, ncha kaigandamiza kwenye mota, mpini kauweka sikioni, kafumba macho. Kisha kaizima, kainusa. "Beringi ya nyuma ndiyo inayolia, mzee wangu. Lakini na koili imeshaanza kuungua. Niachie niisuke upya." Akarudi kwenye mota aliyokuwa nayo, anazungusha waya wa shaba huku midomo inahesabu bila sauti. Mteja mwingine kaja, kasalimia. Kimya! Mpaka mzunguko wa mwisho ulipokaa ndipo akainua uso: "Samahani kaka, ningepotea hesabu."

Nikamwambia, mwanangu, wewe kazi yako umeipata. Mnajua alichonijibu? "Aa, mzee, hapa najishikiza tu. Nasubiri ajira."

Ana digrii ya rasilimali watu. Shati la usaili liko pale pale kwenye msumari, limepigwa pasi, limefunikwa mfuko wa nailoni lisiingie vumbi la mota. Dodoma kaenda mara mbili, karudi. Na huu mwaka wa sita anajishikiza! Mtu hujishikiza mlangoni mwa daladala, kituo kinachofuata anashuka.

Simbebeshi lawama peke yake. Mama yake ukimuuliza atakwambia mwanangu hajapata kazi, na kodi ya nyumba anayokaa inalipwa na hizo hizo feni. Halafu wapo wale wahamasishaji wa ukumbini, kiingilio mlangoni, kipaza sauti mkononi: fuata ndoto yako! Msyuuu! Nani aliyewahi kuota beringi? Huyu dogo aliifungua feni ya bibi yake iliyokufa, akataka kujua imekufa kwa nini. Basi. Hakuna ndoto hapo, ni udadisi na vidole vilivyotulia.

Mzee mmoja anayecheza drafti hapa kwenye kahawa kanirukia: "Feni zina pensheni? Zina bima?" Hazina. Hapo kanifunga goli na sibishi. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wa ofisi miaka mingi na haukunikwama kooni.

Ila nimemuuliza swali moja. Shaaban Robert alikuwa nani? "Malenga," kasema, bila hata kuinua macho kwenye kete. Sasa huyo malenga alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Mshahara ulitoka huko. Mimi nasema huko ndiko alikojishikiza! Na Tingatinga, yule mchoraji, je? Katoka Tunduru, kafanya kibarua kwenye mkonge Tanga, kaja Dar kutumikia nyumba za watu. Mwaka 1968 ndipo akaanza kupaka vibao vyake rangi za mafuta, na 1972 akafariki. Miaka minne tu, na mpaka leo mchoro wa namna ile unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo dogo akiitwa Dodoma aende, tena nauli nitamchangia. Mshahara ni mshahara. Lakini neno lake alihamishe: akifika kwenye hiyo ofisi, aseme huko ndiko anakojishikiza, na jioni arudi kwenye waya wake. Watu wanampelekea mota kutoka Mbagala, wanapita mafundi wanne njiani, halafu yeye anawaambia yuko hapo kwa muda! Mwenye mota si ataogopa?

Nilimwambia nitamlipia kibao, kiandikwe FUNDI MOTA kwa herufi kubwa, kitundikwe kwenye mwarobaini. Kacheka, kalitazama lile shati. "Mzee wangu, na wakiniita wiki ijayo?"

Nimemwachia feni. Mbele yangu kuna feni tisa na pampu ya msikiti.