Nimeacha Somo, Sijaacha Shule

San Diego, California

Kwa Baba Mdogo, Shangazi, na wote mnaosomewa barua hii huko Abuku, Uganda,

Jibu nalitanguliza, maana nasikia habari yangu imeshapita Koboko mjini, imelala Arua, na sasa inatafuta usafiri wa kuvuka mpaka kwenda Kaya. Sijafukuzwa chuo. Sijafungwa. Wala sijaoa. Nimejiondoa katika somo moja, Kemia, kwa fomu, kwa kibali na ndani ya tarehe.

Najua habari ilivyotoka. Nilimtumia binamu picha ya matokeo yangu, naye akaionyesha dukani. Pale penye Kemia pameandikwa W. Baba Mdogo, ambaye alishika chaki miaka mingi, akavaa miwani, akahesabu herufi kuanzia A, akafika ya 23. Nasikia akatoa hukumu mbele ya watu: “Wenzake wakianguka huishia F. Huyu ameipita F bila kusimama, ameteremka mpaka W.” Kisha akanipigia simu baada ya chakula chenu cha mchana, yaani saa nane ya usiku huku, akitaka kujua ni ng’ombe gani auzwe ili nirudi nyumbani.

Ng’ombe abaki zizini. W ni alama ya mtu aliyetoka darasani kabla mlango haujafungwa. Haiingii katika wastani wa maksi. Inakaa kwenye rekodi kimya, na anayeisoma anaelewa kwamba huyu alijiondoa, hakuanguka. F ndiyo inayovuta wastani chini. Na F anaipata hata yule aliyeacha kuhudhuria katikati ya muhula bila kumwambia mtu, akidhani chuo kitajua chenyewe. Chuo hakijui chenyewe. Hapa mtu anaweza kulala chumbani miezi mitatu akiwa na hakika ameacha somo, huku somo bado linamhesabu kuwa mtoto wake.

Sasa nieleze utaratibu, kwa sababu hapa kuondoka kumepangwa vizuri kuliko kuingia.

Chuo changu ni cha jamii, vile vya miaka miwili ambavyo jimbo la California linavyo zaidi ya mia moja. Kila somo lina uzito wake, unaoitwa yuniti. Mwenyeji wa jimbo hulipa dola 46 kwa yuniti moja. Sisi tuliotoka nje hulipa hiyo pamoja na nyongeza inayoimeza mara kadhaa, kwa hiyo msiniulize bei, mtaacha kula.

Wiki ya kwanza madarasa yanajaa kama taksi ya Arua siku ya soko. Walioandikwa wameketi, walio kwenye orodha ya kusubiri wamesimama ukutani, na kila mmoja wao anamwangalia jirani yake kwa matumaini kwamba huyo ataona kitabu kilivyo kinene akimbie. Mwalimu anaita majina. Asiyeitika anafutwa, na mmoja wa ukutani anapewa nambari ya kuingilia. Nilidhani mwalimu anatupenda kwa kutuita hivyo kila siku, kumbe kuna siku ya sensa. Hiyo huangukia karibu sehemu ya tano ya muhula, na kwa hesabu ya vichwa vya siku hiyo chuo hudai sehemu kubwa ya fedha zake serikalini. Sheria inamtaka mwalimu awaondoe wasiofika kabla ya hapo, ili serikali isilipie viti vitupu. Nawaza ingekuwaje mishahara ya kwetu nayo ikilipwa kwa vichwa vilivyoonekana kazini.

Kwa hiyo muhula una milango mitatu, Shangazi, na ukiikariri umemaliza shahada ya kwanza ya kuishi huku. Ukitoka ndani ya wiki mbili za mwanzo, unarudishiwa pesa na jina lako linafutika kana kwamba hukuwahi kulisikia somo hilo. Ukitoka baada ya hapo lakini kabla ya sensa, pesa imekwenda, ila rekodi ni safi. Ukitoka baada ya sensa, unabeba W, na mlango huo hukaa wazi mpaka robo tatu ya muhula. Baada ya hapo hakuna fomu. Kaa ule ulichopika. Na usifikiri unaweza kuwa mteja wa W, maana somo lile lile ukilijaribu mara tatu ukatoka au kuanguka, mara ya nne chuo hakikusajili hivi hivi tu.

Kilichonishangaza ni kwamba katika milango hiyo yote hakuna anayeuliza kwa nini. Mtandao wa chuo unauliza kitu kimoja: una hakika? Unabonyeza ndiyo. Mimi niliyezoea kwetu nilikuwa nimeandaa hotuba, tena yenye msiba ndani yake, na haikupata wa kuisikiliza.

Kwetu mnajua ilivyo. Mtoto akiingia S5, yaani kidato cha tano, anapewa kombi. Akipewa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ukoo mzima unaanza kumwita daktari kabla hajanunua kalamu. Ikifika wiki ya tatu akaona moto, akataka kuhamia HEG, akae na Historia, Uchumi na Jiografia, anakwenda kwa mkuu wa taaluma, yule mnayemwita DOS. DOS anataka mzazi aje. Mzazi anakuja na mjomba. Mjomba anauliza ni nani aliyemroga. Kikao kikiisha, mtoto amerudi kwenye Fizikia akiwa na machozi, na siku za kujiandikisha kwa mtihani wa baraza la mitihani, UNEB, zikipita, kombi imekuwa ndoa. Wanaofika vyuo vikuu vya Kampala nao wana mwaka mfu, yaani mwaka wa kusimamisha masomo. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana ngazi zao: unapata sapu, yaani mtihani wa marudio, unabeba keri, yaani somo unalolipeleka mwaka unaofuata, na mambo yakizidi unadisko, yaani unaondolewa chuo, na hiyo disko haina muziki.

Msidhani basi kwamba huku ni uhuru mtupu. Mwenyeji akijiondoa anabonyeza na kwenda kula. Mimi mwenye viza ya mwanafunzi nina serikali mbili, ya chuo na ya uhamiaji, na ile ya pili haina mzaha. Inataka nisome yuniti 12 kila muhula, zisipungue, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabiwa. Nilikuwa na 16: Kiingereza 4, Uhasibu 4, Historia 3, na Kemia 5. Baba Mdogo, wewe ni mwalimu, toa mwenyewe. Zinabaki 11. Kwa upungufu wa yuniti moja mtu anaweza kuwa mhamiaji haramu huku ameshika daftari la Historia.

Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni, ambaye jina lake ndilo linaloingia kwenye mtandao wa serikali uitwao SEVIS. Akaniambia usiguse kitu kabla hatujaongea, na akanisomea kanuni. Anayejiondoa chuo kizima kwa ruhusa hupewa siku 15 za kufungasha na kuondoka nchini. Anayejiondoa bila ruhusa hapewi hata moja. Lakini pia serikali ya Marekani imekubali kwa maandishi kwamba mgeni anaweza kupunguziwa mzigo iwapo Kiingereza kinampa shida mwanzoni, au vitabu vya kusoma vimemzidi, au hajazoea jinsi Wamarekani wanavyofundisha, au amewekwa darasa lisilo la kiwango chake. Yaani bumbuwazi la mgeni lina kifungu chake cha sheria! Ila kibali hicho ni cha mara moja kwa ngazi ya masomo, hakiruhusu kushuka chini ya yuniti 6, na muhula unaofuata unarudi kwenye 12. Nikamwambia tukiweke akiba, huenda siku mbaya zaidi zipo njiani.

Akatazama kompyuta, akasema kuna madarasa mafupi yanayoanza katikati ya muhula. La yuniti moja, la ana kwa ana, lenye nafasi, lilikuwa limebaki moja tu: Kutembea kwa Afya.

Ndiyo, Shangazi. Kutembea. Kwa miguu.

Mimi niliyekuwa naamka gizani kwenda shule kwa miguu, viatu mkononi ili visiishe, nimelipa dola kufundishwa kutembea. Siku ya kwanza tulifundishwa kutupa mikono. Siku nyingine ilikuwa ni kukanyaga kwa kisigino kwanza. Mwalimu, mama mwema sana, aliniuliza nilijifunzia wapi mwendo huu mzuri. Nikamwambia Koboko. Akaandika. Mshauri alikuwa ameniagiza jambo moja: ingia Kutembea kwanza, ndipo utoke Kemia, ili hata kwa dakika moja usishuke chini ya 12. Nikafanya hivyo, kwa mpangilio huo. Kwa hiyo ile A mliyoiona chini ya W, mkadhani ni ya somo la siri, ni ya kutembea. Mnaweza kuitangaza.

Kuna rafiki yangu hapa, Mkongo aliyeletwa kama mkimbizi, Kiswahili chake kitamu. Yeye anapewa msaada wa masomo na serikali, na kwake hesabu ni tofauti: kila W inasomwa kuwa somo lililojaribiwa lisimalizwe, naye anatakiwa amalize takribani theluthi mbili ya anayoyaanza, la sivyo msaada unakatika. Akiacha yote kabla muhula haujafika asilimia 60, sehemu ya pesa inarudi ilikotoka. Kwa hiyo mimi nahesabu yuniti, yeye anahesabu asilimia, na wenyeji wanahesabu siku za likizo.

Ipo pia njia ya kujiondoa kwa udhuru, ambayo ilitumika sana mwaka 2020 wakati wa korona. Hiyo haikuhesabii jaribio. Ugonjwa unakubaliwa, na msiba wa ndugu wa karibu pia, mradi ulete uthibitisho. Msinitafutie nafasi hapo. Najua hesabu ya Abuku ya ndugu wa karibu inavuka mpaka mara mbili, na kwa misiba yetu nisingemaliza hata muhula mmoja.

Mtauliza, na udaktari je? Jibu langu mnalo kwenye picha ile ile: tazameni Uhasibu. Ni A, na hiyo sikuitembea. Koboko ina wafanyabiashara wengi wanaojua kuuza na wachache wanaojua walichobakiwa nacho. Nitakuwa na wateja.

Sasa nina maombi mawili. La kwanza ni kwa vijana wanaojiandaa kuja huku: kabla hujanunua koti, andika kwenye karatasi tarehe ya kurudishiwa pesa, tarehe ya sensa na tarehe ya mwisho ya W, zote ziko kwenye kalenda ya chuo, na usibonyeze chochote kabla ya kuonana na mshauri wa wageni. La pili ni kwa wazee wangu. Mtoto akirudi nyumbani wiki ya tatu akasema kombi imemshinda, msimwite mjomba wala mganga. Nendeni kwa DOS wiki hiyo hiyo, kabla UNEB haijafunga daftari. Somo lililoachwa mapema ni hasara ya siku chache, na lililong’ang’aniwa mpaka mwisho ni hasara ya ng’ombe.

Ni mimi mwanenu, bado mwanafunzi, yuniti 12 kamili.