Ukitaka Kuuza Senti za Babu

Januari ina ada, ina sare, ina madeni ya sikukuu, na ndiyo maana ni mwezi ambao watu wengi hukumbuka kwamba marehemu babu aliacha kopo la sarafu juu ya kabati. Kopo zito. Kila aliyewahi kulisogeza ili afagie aliuliza swali lile lile: "Hivi hizi siku hizi si zina bei?" Zina bei. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye umeshaambiwa na mtu, aliyeambiwa na mtu, kwamba kuna mzungu ananunua, na tangu juzi unapita kwenye maduka ya bati ukiulizia bei.

Kwanza, nyamaza. Utashindwa, lakini ni wajibu wangu kukuambia. Sarafu zikikaa kabatini ni takataka za marehemu. Siku ukitamka kwamba zinanunulika, zinageuka mirathi. Shangazi ambaye hajaonekana tangu arobaini atapiga simu saa moja asubuhi: "Mwanangu, nasikia mnauza vitu vya baba yangu." Sikiliza vizuri. Hakusema "babu yako". Mgao umeanza, na wewe hujafungua hata mfuniko. Baba mdogo naye atakumbuka kwamba kopo lile aliahidiwa yeye, mbele ya shahidi ambaye kwa bahati mbaya ametangulia mbele ya haki.

Sasa mwaga. Tandika shuka, mwaga zote, na kabla hujashangaa jiulize swali moja ambalo wauzaji wapya hawajiulizi: kwa nini hizi zilibaki? Babu hakuwa mkusanyaji. Alikuwa mtu mwenye kodi ya kulipa, mahari ya watoto wa kiume na bili ya duka la Mhindi. Shilingi za fedha alizitumia. Rupia alizitumia. Kilichobaki koponi ni kile ambacho hata yeye aliona hakifai kwenda nacho dukani, pamoja na kile kilichopitwa na tangazo la serikali kabla hajakikumbuka. Umerithi masalia ya matumizi ya mtu mwenye akili. Likumbuke hilo katika kila hatua inayofuata, hasa pale utakapoanza kuhesabu vyumba vya nyumba.

Nyingi zitakuwa na tundu katikati. Hizo ni senti moja, senti tano na senti kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919 na kuanza kutoa shilingi mwaka 1921. Zina pembe za tembo, jina la mfalme, na mwaka. Tundu liliwafaa watu kuzitunga kwenye kamba, na baadaye liliwafaa mafundi, ambao waliziweka chini ya msumari wa bati kama washa. Kama paa la babu halikuvuja, huenda sehemu ya urithi wako iko juu ya kichwa chako.

Kati ya hizo utakuta moja ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII. Hapa wengi huanguka. Utachukua simu, utaandika jina la mfalme huyo, na utasoma kwamba sarafu yake moja ya dhahabu ilinunuliwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja za Uingereza. Ni kweli kabisa. Edward alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akakiacha Desemba 1936 ili amwoe mwanamke aliyempenda, na sarafu za kwao zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini senti zetu zilikuwa na tundu pale ambapo sura ingekaa. Viwanda vya Uingereza havikuhitaji kungoja picha ya mfalme. Viliweka jina tu, vikagonga senti tano na senti kumi kwa mamilioni, vikazipakia melini. Kwa hiyo mfalme aliye adimu kuliko wote huko kwao, kwenye kopo la babu yako ni wa kawaida kama dagaa. Yapo makopo yenye Edward watano.

Mtego wa pili ni wa tarehe. Ukikuta sarafu ya shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, na jirani anayejua kusoma akakutajia mwaka 1299, usipige yowe. Huo ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882 wa Miladia, na hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ambayo ilitengenezwa kwa wingi. Na ukikuta kipande kikubwa cha fedha chenye mama mnene wa Kizungu na mwaka 1780, huyo ni Maria Theresa wa Austria. Alikufa mwaka huo huo wa 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walimwamini yeye tu, basi viwanda vikaendelea kumgonga kwa tarehe ile ile kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko. Fedha ni fedha, na ina thamani yake kwa uzito. Umri wake, mwulize aliyeigonga.

Shilingi zenye simba aliyesimama mbele ya milima zitenge kwa mwaka, maana hapo pana kitu, ingawa kidogo. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo. Shilingi moja ina gramu saba na ushei, kwa hiyo fedha halisi iliyomo haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, simba akabaki anang'aa vile vile. Mnunuzi anaujua mpaka huo. Shangazi haujui, na si lazima aujue leo.

Usizioshe.

Naliandika peke yake kwa sababu ndilo shauri litakalopuuzwa kuliko yote. Kuna mtu nyumbani kwako, mwenye nia njema, ambaye wakati unasoma hapa ameshaloweka ukwaju. Pwani tunajua kung'arisha shaba: ukwaju, ndimu, majivu, mchanga laini, na kwa vijana wa kisasa dawa ya meno. Sinia la arusi hutoka likiwaka. Senti hutoka ikiwaka pia, na thamani yake hutoka pamoja na maji machafu. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, wakati mwingine yenye kijani kidogo, ndiyo ngozi ya sarafu. Miaka themanini imeijenga. Mkusanyaji akiweka lenzi yake ataona mikwaruzo imeelekea upande mmoja, ataguna, na atakurudishia kwa adabu. Kama ina udongo wa shimoni, ipitishe kwenye maji, iache ikauke. Mtu mwenye ukwaju mtafutie samaki ampikie.

Baadhi ya watu hukata njia fupi: benki. Keshia atakusikiliza kwa huruma. Bodi ile ya London ilishavunjwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa shilingi yake Juni 1966, Kenya na Uganda zikafuata mwaka huo huo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 senti za wafalme zilikuwa zimekoma kuwa fedha halali. Zile za 1966 zenye Mwalimu upande mmoja, na samaki, mbuni au sungura upande wa pili, ni nzuri sana kuzitazama. Zipigie hesabu basi: senti tano elfu moja ni shilingi hamsini. Na bodaboda wa kukufikisha mjini peke yake anataka mara nyingi zaidi ya hapo.

Na kama chini ya kopo, ndani ya kitambaa, babu aliweka na noti, hilo ni kopo jingine kabisa na lina majonzi yake. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Matangazo yalipita redioni wakati kitambaa kimefungwa.

Sasa tuje kwa watu, maana sarafu hazijawahi kumdanganya mtu.

Yupo anayekuja mwenyewe. Amevaa vizuri, ana simu mbili, na anaitaka rupia ya Mjerumani. Hataki senti zako, hata hazitazami. Atakueleza kwa sauti ya chini kwamba rupia "yenyewe" huvuta punje za mchele, huzima simu, ina zebaki ndani, na kwamba kuna tajiri hotelini anayelipa mamilioni kwa kipande kimoja. Unayo? Unayo! Kuna moja, ina Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya tai. Basi kuna jambo dogo limebaki, gharama ya kipimo. Mtaalamu wa kupima anatoka mbali, dawa ya kupimia ni ghali, na tajiri hawezi kutoa hela kabla ya majibu. Wewe utatoa kidogo tu. Baada ya wiki utaambiwa kipimo kimeonyesha "asilimia tisini", imebaki kumi, na kumi hiyo nayo ina gharama yake.

Ukweli wa rupia ile hauhitaji mchele. Ina gramu kumi na moja na zaidi ya nusu, na fedha yake ni zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Mnunuzi halali hulipa thamani ya fedha, na nyongeza kulingana na mwaka na hali yake. Ni hela inayoeleweka, inayotosha kununua kitu kinachoeleweka. Haijengi ghorofa.

Mtu wa aina hiyo hiyo ndiye atakayekuletea tembo wa Tabora. Mwaka 1916, jeshi la Wajerumani likiwa limezingirwa na meli haziingii, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikagongwa vipande vya rupia kumi na tano, tembo akiwa mbele ya milima. Vilitoka kama 16,000 tu. Ni vipande vya kweli na bei yake ni ya kweli, ndiyo sababu vya bandia ni vingi. Jambo ambalo mtu huyo hatakuambia, kwa kuwa halijui, ni kwamba karakana ile ile iligonga pia hela 20 za shaba, mbaya za sura, mihuri yake ikitofautiana hata kwa taji na herufi. Wakusanyaji huzipenda kwa ubaya huo huo. Kopo la babu halitakuwa na tembo. Hela 20 nyeusi, iliyopinda kidogo, yenye 1916 na herufi T, linaweza kuwa nayo, na pengine umeshaitenga na zile za kumpa mtoto achezee.

Neno kwa walioko Kilwa, Mafia na visiwa vya karibu. Vile vishaba vidogo vyenye jina la sultani kwa Kiarabu, vinavyookotwa ufukweni baada ya mvua au bamvua, haviingii katika mwongozo huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na vishaba hivyo vina karne nyingi kuuzidi mwaka huo. Mtalii anayekunong'oneza bei yake anapanda ndege kesho. Wewe hupandi.

Bei za mtandaoni zisome kwa jicho la mpangaji anayesoma tangazo la dalali. Ile namba kubwa ni anayoiomba muuzaji. Mtu mmoja huko mbali anaiomba mwaka wa nne huu. Tafuta zilizokwisha kuuzwa. Utasikitika, lakini utasikitika ukiwa nyumbani.

Mnunuzi wa vyuma chakavu usimdharau. Hana hadithi, ana mizani. Senti kumi zile nene za zamani zina gramu kumi na moja hivi kila moja, kwa hiyo kama tisini zinafika kilo, na kwa zile zilizofutika hadi mfalme hajulikani ni nani, bei ya shaba mara nyingine hushinda bei ya historia. Ila hakikisha umeshachambua, kwa sababu mizani haisomi mwaka.

Iliyobaki ipeleke kwa muuza vitu vya kale, mathalani Mji Mkongwe, kwenye vichochoro vya Gizenga, ambako sarafu hukaa sahanini kati ya kufuli za Kiarabu na saa zisizotembea. Atakukaribisha, atakuulizia hali ya watoto, atatia mkono kwenye mfuko wako na kuzimwaga kama mchele unaotafutwa mawe. "Hizi zimejaa, bwana wangu. Watu wananiletea kwa magunia." Anasema kweli. Kisha atasogeza fungu lote pembeni na kutaja bei ya jumla, ya kukusaidia tu, kwa kuwa umetoka mbali. Usitazame fungu, tazama vidole. Vimerudi kwenye sarafu ipi mara mbili? Itoe hiyo, itie mfukoni, mwambie zilizobaki achukue kwa bei aliyotaja. Akisema basi, hazitaki tena, mshukuru, kunja mfuko wako na uage. Akikuacha ufike barabarani, hukukosea sana kumwamini. Akikuita ukiwa bado mlangoni, rudi ukae, omba kahawa, na hapo ndipo mtaanza kuzungumza bei.