Fungu la Waheshimiwa: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, Nairobi

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima ziwapasazo watu waliokabidhiwa hewa, maji na ardhi ya Kenya nzima, naomba kuipongeza subira yenu, ambayo sisi watu wa Mombasa, tunaosimangwa kila siku kwa kutokuwa na haraka, hatujapata kuona mfano wake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru mwaka 2007, kikafungwa 2014. Na katika muda huo, ilhali sheria ya mazingira ya 1999 yataka athari za mradi zipimwe kabla ya moto kuwashwa, moshi wake ulitua juu ya mapaa ya mabati, maji yake ya tindikali yakatiririka hadi vichochoroni, na mvua, isiyo na afisa wala bajeti, ikaifanya kazi ya kuwagawia wakazi wapatao elfu tatu madini ya risasi, bila ya upendeleo na bila ya kuchelewa.

Kazi ya kupima nayo haikuwagharimu kitu, kwani kipimo cha kwanza kilikuwa damu ya watoto. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aliitambua sumu hiyo katika mwili wa mwanawe mchanga. Akapiga kelele, akasumbuliwa, akashika njia ya mahakama, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Insafu ingetaka nanyi mpewe sehemu ya tuzo ile, maana lau si utulivu wenu, mama yule angekosa la kufanya.

Hata hivyo haki haikuwasahau. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na ardhi isafishwe katika muda wa miezi 4; kisha, kama kadhi agawaye mirathi, ikampimia kila mhusika fungu lake la dhamana, nanyi mkaangukiwa na asilimia 40, fungu lililolipita hata lile la kiwanda chenyewe. Mimi sijapata kusikia mrithi aliyepewa fungu nono kiasi hicho akalikatia rufani, lakini nyinyi, kwa unyenyekevu wenu, mlilikatia. Na Mahakama ya Rufani, mwaka 2023, ikaitengua fidia na kuagiza hesabu ianze upya, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Kwa hiyo, Waheshimiwa, dhuluma ya kunyimwa haki yenu imekwisha, na kilichobaki ni kuja kuichukua.

Pendekezo langu ni jepesi. Tabaka la juu la udongo wa Owino Uhuru lichimbwe, lipimwe kwa mizani, na asilimia 40 yake ipakiwe kwenye malori, iletwe Popo Road ziliko ofisi zenu, itandazwe bustanini chini ya madirisha ya wakubwa. Faida zake ni nyingi. Wataalamu wenu watapima kila asubuhi kabla ya chai, bila ya nauli wala posho ya safari. Nanyi mtakuwa na wakfu wa kudumu, kwa kuwa risasi haiozi, haivukizwi na jua wala haichoshwi na miaka. Na ikiingia mwilini, mifupa huidhania kalsiamu, ikaipokea na kuitunza kwa miongo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama, lakini naamini tahadhari hiyo haiwahusu watu wenye subira kama yenu. Siku ya familia, watoto wenu wakija kucheza bustanini, waacheni wale maandazi kabla ya kunawa, kama walivyofanya wenzao wa huku.

Iwapo fungu hili mtaliona zito, au mabibi wa nyumbani mwenu wakalikataa, basi iko njia ya pili, isiyohitaji busara adimu: ardhi ipimwe nyumba kwa nyumba na tabaka kwa tabaka, matokeo yabandikwe mtaani kwa Kiswahili, udongo wenye sumu uondolewe hadi mahali palipojengwa kwa ajili yake, uletwe mwingine safi, mapaa na matangi ya maji yaoshwe, watoto watibiwe na kufuatiliwa, na hapo ndipo pajengwe chochote, shule au soko, wala si kabla, kwa maana saruji iliyomwagwa juu ya ardhi isiyopimwa huificha shari tu.

Chagueni mpendalo. Mkichagua la kwanza, tujulisheni idadi ya malori, nasi tutaleta makoleo. Stakabadhi ya kupokea asilimia 40 tumekwisha kuiandaa, na pa kutia sahihi pamepigwa mstari.

Ni mimi, raia wenu mtiifu,
Mombasa.